Barua ya wazi: Ukumbi wa Vuga ubaki mahakama

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Zanzibar,
Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Mambo ya Kale,
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe

Yah: Jengo la Mahakama, Vuga

Assalamu alaykum.

Waheshimiwa, ombi langu ni moja na nalitaja mapema, msije mkachoka kusoma kabla ya kulifikia. Ukumbi mkubwa wa mahakama pale Vuga, Mji Mkongwe, ubaki kuwa ukumbi wa mahakama. Usigeuzwe sebule ya hoteli, wala mkahawa, wala usikatwekatwe kwa mbao ukawa ofisi za idara iliyokosa pa kukaa. Mengine yote nitakayoyasema ni sababu za ombi hilo na namna ya kulitekeleza.

Mahakama Kuu imehamia Tunguu, nje ya mji, na mimi sina ugomvi na Tunguu. Mji Mkongwe haukujengwa kwa ajili ya magari, wala Vuga haikukusudiwa kubeba mashauri ya nchi yenye watu wengi kama hii ya leo. Mawakili wanataka nafasi, makarani wanataka mitambo, mashahidi wanataka pa kukaa palipo na kivuli. Yote hayo ni haki yao. Khofu yangu ni nyengine. Sisi wakaazi wa mji huu tunajua jengo lililohamwa hufuatwa na nini: kwanza kufuli, kisha popo, kisha mwekezaji. Na mwekezaji akishafika, mazungumzo huwa yamekwisha, sisi tunabaki kusoma ubao wa mradi uliopigiliwa kwenye mabati.

Naandika basi wakati bado kuna cha kuzungumza.

Kwanza nikumbushe jengo lenyewe ni nini, kwa sababu wengi wetu tumeingia pale tukiwa na kesi, na mtu mwenye kesi haangalii dari. Lilijengwa kati ya mwaka 1904 na 1908, kwa michoro ya Mwingereza John Houston Sinclair. Mkono wa bwana huyu uko kila mahali mjini kwetu hata hatuuoni tena. Nyumba ya mwakilishi wa Uingereza, ambayo leo ni Ikulu, ni yake. Posta ya Shangani ni yake. Makumbusho ya Amani pale Mnazi Mmoja, yenye makuba yake meupe, yaliyojengwa mwaka 1925 kuwa kumbukumbu ya amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ni yake pia. Na katika miaka ya mwanzo ya 1920 huyu mchora ramani akapanda mpaka akawa yeye mwenyewe mwakilishi mkuu wa Uingereza Zanzibar. Kwa hiyo alikuja kutawala kutoka kwenye nyumba aliyoichora, na watu wakahukumiwa kwenye nyumba aliyoichora, hatua chache kutoka pale. Sijui miji mingapi duniani ina bahati hiyo, kama ni bahati.

Sidai tumpende Sinclair. Alikuwa mtumishi wa dola iliyokuja kututawala. Lakini alichokifanya Vuga kinastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu kila tao lina maana yake.

Tazameni kuba, tazameni matao. Mgeni akipita husema, ah, hili ni jengo la Kiarabu. Si la Kiarabu. Nyumba za Waarabu wa Unguja, zile za mawe zilizojengwa tangu enzi za Sultani Sayyid Said, kwa nje ni kuta tupu nyeupe, nzito, zenye madirisha ya mstari na mlango mmoja wa fahari uliochongwa. Uzuri wake umefichwa ndani, uani. Hazina kuba. Misikiti yetu mingi ya zamani nayo haikuwa na kuba. Waibadhi khasa, madhehebu ya Waarabu wa Oman, hawakuwa watu wa mapambo. Mtindo wa Vuga umetoka kwengine. Ni ule ambao Waingereza waliutengeneza India katika karne ya 19, wakichanganya matao na makuba ya Kiislamu na mpangilio wa jengo la serikali la Kizungu. Mahakama Kuu ya Madras, iliyofunguliwa mwaka 1892, imejengwa kwa mtindo huo huo, kwa ukubwa zaidi na fujo zaidi. Mtawala alitaka mtawaliwa akiangalia jengo aone kitu kinachofanana na chake, na akiingia ndani akute sheria isiyokuwa yake.

Na sheria nayo ilipita njia hiyo hiyo ya India. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa na mahakama nyingi kwa wakati mmoja. Mkataba wa mwaka 1833 uliwapa Wamarekani haki ya kuhukumiwa na konseli wao, yaani balozi wao mdogo. Waingereza wakapata yao mwaka 1839, Wafaransa mwaka 1844. Mhindi aliyehesabiwa kuwa raia wa Uingereza alikwenda kwa konseli wa Uingereza, na huko alikuta sheria za India. Asiporidhika, rufaa yake ilivuka bahari mpaka Mahakama Kuu ya Bombay. Raia wa Sultani alikwenda kwa kadhi wa Kisunni au wa Kiibadhi, au alipeleka shauri lake kwenye baraza ya Sultani mwenyewe. Watu wawili wakigombana sokoni, swali la kwanza halikuwa nani ana haki. Lilikuwa huyu ni wa nani na yule ni wa nani.

Mwaka 1897 Waingereza wakaisimamisha rasmi mahakama yao Zanzibar kwa amri ya Malkia, na katika miaka iliyofuata mataifa mengine yakaachia haki zao za kikonseli moja baada ya jengine. Mashauri yakaanza kukusanyika mkono mmoja. Mkono huo ulihitaji nyumba. Hiyo ndiyo nyumba ya Vuga.

Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha ombi langu. Kabla ya hapo haki katika mji huu ilikuwa ikitolewa barazani. Kadhi alikaa, wagombanaji wakakaa, watu wakasikiliza, mpita njia akasimama. Hakukuwa na kizimba. Ukumbi wa Vuga ulikuja na mpango mwengine kabisa: jaji juu, karani chini yake, mshitakiwa peke yake upande mmoja, hadhira nyuma ikiwa kimya, na mkalimani katikati, kwa sababu jaji hakujua lugha ya anayemhukumu. Kadhi naye alizidi kupunguziwa mamlaka hatua kwa hatua, mpaka akabakishiwa zaidi mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Mabadiliko hayo unaweza kuyasoma kitabuni kwa sura tatu, na usiyaelewe. Ukisimama ndani ya ukumbi ule, ukaangalia kiti cha jaji kutoka mahali pa mshitakiwa, unayaelewa kwa shingo yako.

Ndiyo maana nasema ukumbi usiguswe. Kuta za nje zinaweza kuhifadhiwa hata na hoteli. Hoteli zinapenda sana kuta za nje. Kinachopotea ni mpangilio wa ndani: urefu wa jukwaa, umbali baina ya jaji na mtu, mlango wa kuingilia huyu na mlango wa kuingilia yule.

Na yaliyopita ndani ya mpangilio huo si madogo. Biashara ya utumwa ilikuwa imeshapigwa marufuku, lakini utumwa wenyewe ulianza kufutwa kisheria mwaka 1897 tu, na haukufutwa wote: mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na masuria wakaachwa nje mpaka amri ya mwaka 1909, mwaka mmoja baada ya jengo la Vuga kukamilika. Kwa hiyo kizazi cha mwanzo kilichopanda ngazi za mahakama ile kilikuwa na watu waliozaliwa watumwa, na mabwana zao wa zamani, na watoto wao waliokuja kugombea shamba, nyumba, kiwanja, wakfu. Majalada ya mahakama za wakati ule, ambayo mengi yamehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani, ni miongoni mwa machache yanayoandika majina ya watu wadogo wa mji huu: fulani binti fulani, mpishi, ameacha kitanda, mikufu na deni. Wanahistoria wametoka mbali kuja kuyasoma. Sisi tulio karibu tunapita njia.

Watu wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, hawakuwa wajinga wa yaliyokuwa yakitokea Vuga. Katika miaka ya 1920 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad aliziimba habari za kesi na hukumu, nani kafungwa na nani kaachiwa, na mji mzima ukajua. Asiyejua kusoma gazeti aliisikia hukumu usiku, kwa udi na fidla. Napenda kuamini baadhi ya mahakimu waliogopa nyimbo kuliko rufaa.

Kisha yakaja Mapinduzi ya 1964. Haya nayo yana sura yake katika habari za mahakama, na haifai kuiruka. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilifanya kazi Mahakama za Wananchi, ambamo mawakili hawakuruhusiwa, na hali hiyo ikaendelea mpaka mwaka 1985, pale sheria mpya zilipouweka upya mfumo wa mahakama chini ya Katiba ya Zanzibar ya 1984. Miongoni mwa waliokuwa Majaji Wakuu wa Zanzibar katika kipindi hicho cha mabadiliko ni marehemu Augustino Ramadhani, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja kesi ya uhaini ya wanachama 18 wa chama cha upinzani cha CUF, kesi ya Machano Khamis Ali na wenzake. Walikaa rumande kwa muda mrefu sana, mpaka Novemba 2000 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilipoamua kwamba kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar si dola kamili yenye mamlaka yake peke yake. Kila mwanafunzi wa sheria nchini anaijua hukumu ile. Ni wangapi wameuona ukumbi ambamo mambo kama yale yalianzia?

Nimeyataja haya kwa makusudi, yakiwemo yasiyopendeza. Jengo likifanywa hoteli, kwenye karatasi ya wageni patabaki kuba, Sinclair, na bilauri ya maji ya dafu. Ya watumwa na ya wafungwa hayataandikwa, kwa sababu mgeni aliyelipa hataki kulala juu yake.

Tunayo mifano yetu, hatuhitaji kuagiza. Mambo Msiige, nyumba ya katikati ya karne ya 19 iliyowahi kuwa konsulati ya Uingereza, leo ni sehemu ya hoteli kubwa ya ufukweni Shangani. Kuta zimesimama, tena zimepakwa vizuri. Lakini ulizeni kijana wa Mchangani kama ameshawahi kuingia ndani. Mradi ule pia ulituletea maswali kutoka UNESCO kuhusu heshima ya Mji Mkongwe kama Urithi wa Dunia, heshima tuliyoipata mwaka 2000 na ambayo hatukuahidiwa kuwa nayo milele.

Mfano wa pili unaumiza zaidi. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al Ajaib iliporomoka wakati matengenezo yakiendelea, na wafanyakazi wawili wakafariki. Jumba lile la Sultani Barghash, la mwaka 1883, lilikuwa limetoa ishara miaka mingi kabla. Sehemu yake nyengine ilikuwa imeshaanguka mwaka 2012. Sikusudii kumnyooshea mtu kidole kwenye barua hii. Nasema tu kwamba jengo la mawe na chokaa lenye chuma ndani halifi ghafla. Linasema, na anayetakiwa kusikia ni fundi, si ofisi ya mikataba.

Na hapa niseme la ufundi, kwa sababu naona tunalikosea katika majengo mengi. Nyumba ya kawaida ya Mji Mkongwe imepimwa kwa boriti. Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Ukumbi wa mahakama hauwezi kuwa hivyo. Unataka upana, na upana unataka mbinu nyengine za kubeba dari. Barghash alishaleta chuma kwenye Beit al Ajaib, na majengo ya serikali yaliyofuata yakaendelea na njia hiyo. Chuma kikiwa kikavu hakina tatizo. Maji yakikifikia, kinaota kutu, kutu inavimba, na mawe yanapasuka kutoka ndani huku rangi ya nje ikiwa bado inang'ara.

Maji yanakifikia vipi? Kwa paa lisilosafishwa mifereji, na kwa saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unapumua: mvua za masika zinauingia, jua la kaskazi linautoa unyevu. Fundi akija akaukandika saruji juu yake, unyevu unakwama ndani pamoja na chumvi, na baada ya miaka michache plasta inabanduka vipande vipande ikiondoka na jiwe. Wazee walijua. Walichoma matumbawe kwenye tanuu, wakaizima chokaa, wakaiacha ikomae, ndipo wakaitia ukutani na kumalizia kwa niru, chokaa laini ya juu. Kazi hiyo ni ya polepole na mkandarasi hapendi polepole. Mpango wa Uhifadhi wa Mji Mkongwe wa mwaka 1994 ulishayasema mengi kuhusu namna ya kuzitengeneza nyumba hizi, na Mamlaka ina sheria yake ya mwaka 2010 inayoipa meno. Kinachohitajika ni kuuma.

Sasa niseme nataka kifanyike nini.

Kabla ya mkataba wowote, au hata mazungumzo ya mkataba, lifanyike pimo kamili la jengo: kuta, paa, chuma, nyufa, na mpangilio wa ndani kama ulivyo, samani zikiwemo. Michoro na matokeo yawekwe hadharani. Si siri ya dola, ni nyumba ya umma.

Ukumbi mkubwa uendelee kusikiliza mashauri. Si kila siku. Mahakama Kuu inaweza kukaa Vuga mara chache kwa mwaka, kwa sherehe ya Siku ya Sheria, kwa kuapishwa mawakili wapya, kwa rufaa moja moja ambayo hadhira yake ni kubwa. Wanafunzi wa sheria wafanye humo mashindano yao ya kesi za mfano. Vyuo tunavyo, na kimoja kiko Tunguu huko huko, kwa hiyo safari itakuwa ya kurudi mjini. Jengo linalotumika kwa kazi yake halihitaji mtu wa kulieleza.

Vyumba vya pembeni viwe vya makumbusho ya sheria na vya kusomea, kwa kushirikiana na Nyaraka za Taifa: nakala za majalada, si asili, asili zibaki Kilimani kwenye uangalizi. Kadhi apewe chumba chake katika makumbusho hayo, kwa sababu habari ya haki Zanzibar haikuanza mwaka 1897. Mkalimani naye apewe sehemu. Huyu ni mtu aliyesahauliwa na kila mtu, na kesi ngapi zilisimama juu ya ulimi wake tu.

Anayedhani hili ni ndoto aangalie jirani. Mombasa, jengo la zamani la mahakama lililojengwa mwaka 1902, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu, lilipoachwa na mahakama halikuuzwa. Limo mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, linafanyiwa maonyesho, na mtu wa kawaida anaingia. Sisi ambao tunawaita wageni waje kutazama urithi wetu hatuwezi kushindwa na jambo ambalo Mombasa wamelifanya bila makelele.

Najua swali la Waziri wa Fedha litakuwa pesa zitatoka wapi. Ni swali la haki. Wageni wanaotembelea Mji Mkongwe ni wengi, na wengi wao wanapita Vuga bila ya kuwa na mlango wa kuingia. Tozo ya kiingilio, sehemu ya mapato ya utalii iliyotengwa kwa matengenezo ya majengo ya umma, na mchango wa Chama cha Wanasheria wa Zanzibar, ambao wanachama wake wamekula kiapo na kula mkate ndani ya kuta zile, vinaweza kuanza kazi ya paa na mifereji. Paa kwanza. Maonyesho yatasubiri, maji hayasubiri.

Nawaomba Waheshimiwa mjibu kwa maandishi, na jibu libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa Vuga pale pale, tulisome sote: kuna mpango gani juu ya jengo hili, nani ameuandika, na siku gani wananchi wataitwa kutoa maoni yao kabla haujatiwa saini.

Wenu mtiifu,
Mkaazi wa Mji Mkongwe, Unguja